Mradi Ukiisha, Kazi Inabaki kwa Nani? Historia Fupi ya Programu Huria Huku Kwetu



Leo tunaandika historia, lakini si ile ya wafalme na vita. Ni historia ya vifaa: ramani, fomu za kwenye simu, ujumbe mfupi, kurasa za mitandao. Wengi wetu tunavitumia kila siku bila kujua vilitoka wapi. Tukisikia neno teknolojia, akili inakimbia moja kwa moja Marekani au China. Kumbe baadhi ya vifaa ambavyo mashirika ya misaada yanatumia dunia nzima vina mizizi yake huku kwetu, Nairobi, Kibera, kaskazini mwa Uganda. Na havikuanza kwa sababu kulikuwa na pesa nyingi. Vilianza kwa sababu watu walikuwa kwenye shida na hawakuwa na muda wa kungoja.

Tunaandika pia kwa sababu kuna swali linatuuma. Mnajua mwaka 2025 ulivyoanza. Mwezi wa Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi hapa Sudan Kusini ikafungwa haraka sana. Shirika moja ambalo tulikuwa tunajitolea kwake lilifunga ofisi. Sisi ndio tulikuwa tumezunguka nyumba kwa nyumba tukiandikisha familia zilizokimbia: majina, idadi ya watoto, mgonjwa ni nani, mzee ni nani. Orodha yote iliingia kwenye programu ya kulipia. Ofisi ilipofungwa, malipo yakakatika, na akaunti ikazimwa. Hatukubaki hata na karatasi moja. Baadaye walipokuja watu wengine wa msaada, tukaanza upya kwa mama walewale. Mama mmoja akatuuliza, "Wanangu, majina yetu mliyapeleka wapi?"

Hilo ndilo swali la makala hii. Mradi ukiisha, kazi inabaki kwa nani?

HURIA MAANA YAKE NI NINI

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu watu wanalichanganya. Programu huria si programu ya bure tu. Facebook ni bure kuifungua, lakini si huria. WhatsApp ni bure, lakini si huria. Bure maana yake hulipi. Huria maana yake una haki.

Chukua mfano wa mandazi. Mtu akikupa andazi, umekula bure, lakini kesho utarudi kuomba. Akikupa maelezo ya mapishi na kukuruhusu kupika, kubadilisha, kuongeza iliki, na kumfundisha jirani, hapo umepata uhuru. Kila programu ina mapishi yake, yaani msimbo ambao mtaalamu aliuandika. Kwa programu za kufungwa, mapishi ni siri ya kampuni. Kwa programu huria, mapishi yako wazi na leseni inakuruhusu kuyatumia.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza mradi wa GNU wa kuandika programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzisoma na kuzibadilisha. Mwaka 1991 mwanafunzi wa miaka 21 huko Finland, Linus Torvalds, akatoa Linux. Leo simu nyingi tulizo nazo mkononi, hizi za Android, ndani yake kuna Linux. Kwa hiyo usiseme hujawahi kutumia programu huria. Unaitumia sasa hivi ukisoma hapa.

Na Kiswahili hakikuachwa nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Fikiria hilo kidogo. Hawakuiomba kampuni yoyote ruhusa. Hawakungoja mtu Marekani aamue kama Kiswahili kina soko. Mapishi yalikuwa wazi, wakakaa chini, wakatafsiri. Ndiyo faida ya kwanza ya huria kwa lugha na watu ambao kampuni kubwa haziwaoni.

SMS BILA INTANETI

Miaka ya mwanzo ya 2000 mashirika mengi vijijini Afrika yalikuwa na tatizo ambalo sisi tunalijua vizuri: intaneti hakuna, lakini simu ndogo za vitufe zipo. Mwingereza Ken Banks, baada ya kufanya kazi Afrika Kusini na watu wanaoishi karibu na hifadhi ya Kruger, aliandika programu inayoitwa FrontlineSMS. Ilitoka mwaka 2005. Ilikuwa rahisi sana. Unachukua laptopu, unaunganisha simu au modemu kwa waya, unaweka laini ya kawaida. Basi, kompyuta yako inatuma na kupokea ujumbe wa mamia ya watu, na intaneti haihitajiki kabisa.

Mwaka 2007 raia wa Nigeria waliitumia kufuatilia uchaguzi wao. Shirika dogo lisilo na bajeti liliweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji pesa nyingi. Na angalia jambo moja: ujumbe wote ulibaki ndani ya laptopu ya shirika lenyewe. Haukukaa kwa kampuni ya mbali. Mradi ukiisha, laptopu bado iko hapo mezani.

Somo la FrontlineSMS bado lina maana hapa Juba. Ukitaka kujua kifaa gani kinafaa, usianze kuuliza kipya ni kipi. Uliza mama wa mwisho kwenye foleni ana simu gani. Kama ana simu ya vitufe ambayo anaichaji mara mbili kwa wiki kwenye kibanda cha sola, basi SMS na redio vinamfikia. Ukurasa wa Facebook hautamfikia.

USHAHIDI, MTOTO WA NAIROBI

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kila kijana wa Afrika Mashariki anapaswa kukijua.

Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na nchi ikawaka. Siku hiyohiyo serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja ya habari. Watu wanauawa, nyumba zinachomwa, na televisheni zinaonyesha mambo mengine. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika wiki zile na laki kadhaa wakahama makwao. Baadhi yetu tulikuwa watoto wadogo Kakuma wakati ule, na tunakumbuka wakubwa wakisikiliza redio usiku.

Wakili mmoja kijana, Ory Okolloh, alikuwa akiandika kwenye blogu yake iitwayo Kenyan Pundit. Watu wakaanza kumtumia habari za mauaji na uporaji kutoka kila sehemu, mpaka akashindwa kuzipokea peke yake. Tarehe 3 Januari 2008 akaandika wazo: je, kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ambayo watu wataweka wenyewe mahali palipotokea vurugu? Wakajitokeza watu kama Erik Hersman, ambaye alikulia Sudan na Kenya, David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, na Juliana Rotich. Ndani ya siku chache tu ramani ikawa hewani. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Mtu alituma SMS au aliandika kwenye tovuti, wao wakahakiki, kisha nukta ikatokea kwenye ramani.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kizuri tu. Lakini jambo kubwa lilikuja baadaye. Mwezi wa Mei 2008 wageni waliposhambuliwa Afrika Kusini, watu wa kule waliomba msimbo wa Ushahidi, wakautumia. Baadaye mwaka huohuo timu iliandika programu upya na kuitoa huria, mtu yeyote aichukue. Mwezi wa Novemba ikatumika mashariki mwa Congo, wakati wa mapigano ya Kivu Kaskazini. Mwaka 2010 tetemeko la tarehe 12 Januari lilipoibomoa Port-au-Prince, wanafunzi wa Boston wakiongozwa na Patrick Meier walifungua ramani ya Ushahidi ndani ya saa chache. Wahaiti wakatuma ujumbe kwa namba 4636, kwa Kikrioli, na Wahaiti wengine walio ng'ambo wakakesha wakitafsiri.

Yaani kitu kilichoandikwa kwa ajili ya Kenya kwa haraka, na watu waliokuwa na hofu, kilienda kusaidia kuokoa watu visiwani Karibi. Hakuna aliyelipa leseni. Hakuna aliyesaini mkataba wa miezi sita. Huo ndio uzito wa neno huria.

Hata kwetu Ushahidi ilifika mapema. Kwenye uchaguzi wa Sudan wa Aprili 2010, kabla hatujapata nchi yetu, asasi za kiraia ziliendesha mradi wa Sudan Vote Monitor kwa programu hiyohiyo, ili raia waripoti wanachokiona vituoni.

Lakini tusidanganyane, Ushahidi ilifundisha pia mambo machungu. La kwanza, ramani haijazi yenyewe. Watu wengi duniani walifungua ramani za Ushahidi, wakaweka nukta tatu au nne, kisha ikafa, kwa sababu hakukuwa na watu wa kupokea ujumbe, kuhakiki na kujibu. Programu ni ya huria lakini jasho si la bure. La pili, kuripoti bila mtu wa kuchukua hatua kunavunja moyo. Mtu akituma ujumbe kwamba kisima kimeharibika na hakuna anayekuja, mara ya pili hatatuma.

La tatu ndilo zito zaidi, na watu wa misaada watuelewe hapa. Msimbo kuwa wazi haimaanishi habari za watu ziwe wazi. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa, kupitia OCHA, uliomba wataalamu wa kujitolea watengeneze ramani ya vita vya Libya. Ramani ile ilianza ikiwa imefungwa kwa nywila. Ilipofunguliwa kwa umma, habari zilicheleweshwa na maelezo yalipunguzwa, ili adui asitumie ramani kumtafuta aliyeripoti. Kwa hiyo mapishi ni ya wote, lakini majina ya waliokula yanabaki siri. Mtu akikwambia kwamba huria ni hatari kwa sababu kila mtu ataona orodha ya wakimbizi, mweleze taratibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

KIBERA NA RAMANI MBILI

Hapa kuna kitu ambacho kitawafurahisha watu wa Juba. Kibera, mtaa mkubwa wa Nairobi, ulianzishwa na Wanubi, askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza. Jina lake linatokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Na Kinubi ni ndugu wa damu wa Kiarabu cha Juba. Mtu wa hapa akikaa na mzee wa Kinubi Kibera, wataelewana mengi.

Mpaka mwaka 2009, Kibera ilikuwa kama haipo kwenye ramani za umma. Watu maelfu kwa maelfu, lakini ukifungua ramani unaona sehemu tupu. Mwishoni mwa mwaka huo Mikel Maron na Erica Hagen walikuja, wakafanya kazi na vijana 13 wa Kibera wenyewe. Vijana wakapewa vifaa vya GPS, wakatembea vichochoroni, wakaandika vyoo viko wapi, zahanati, shule, mabomba ya maji, sehemu za hatari usiku. Kila kitu wakakiweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mradi ukaitwa Map Kibera. Baadaye wakaongeza Voice of Kibera, tovuti ya habari za mtaa iliyotumia Ushahidi. Ona jinsi kifaa kimoja cha huria kinavyokaa juu ya kingine bila ugomvi.

Sasa weka kisa hicho pembeni ya kisa chetu. Mwezi wa Aprili 2011, miezi michache kabla ya uhuru, Google na Benki ya Dunia waliwaita Wasudani walio ng'ambo, wakakutana Washington na pia Nairobi, ili kuchora barabara, shule na hospitali za Sudan Kusini kwenye chombo kinachoitwa Google Map Maker. Watu walikuja kwa moyo. Walikuwa wanachora nchi yao ambayo ilikuwa haijazaliwa. Hakuna wa kuwacheka.

Lakini Map Maker haikuwa huria. Masharti yake yaliipa Google haki pana juu ya kazi ile, na wewe uliyechora hukuweza kuichukua data yote na kuitumia unavyotaka. Mwezi wa Januari 2012 Benki ya Dunia ilipotangaza ushirikiano mpana na Google juu ya Map Maker, watu wa ramani huria walipiga kelele sana, na mwezi wa Machi Benki ikasema itaunga mkono tu kazi za uchoraji wa wananchi zinazowapa watu data waliyoichora. Mwaka 2017 Google ikaifunga Map Maker kabisa.

Hatusemi Google ni wabaya. Tunasema tu: linganisha. Walichochora vijana wa Kibera mwaka 2009 bado unaweza kukipakua leo, ukakiprinti, ukakirekebisha. Chombo walichotumia ndugu zetu mwaka 2011 hakipo tena. Watu wote walitoa nguvu zao bure. Tofauti ilikuwa kwenye leseni, ile karatasi ndefu ambayo hakuna anayeisoma.

Na njia ya Kibera ndiyo iliyoendelea. Baada ya Haiti, mwaka 2010 liliundwa kundi la Humanitarian OpenStreetMap Team. Mwaka 2014 likaungana na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka kuanzisha Missing Maps, ili sehemu zilizosahaulika zichorwe kabla ya janga, si baada.

KOBO, NENO LA KIACHOLI

Kama umewahi kujitolea kwenye usajili wowote, umeshika simu yenye KoboCollect. Unajaza fomu, hakuna mtandao, hakuna shida. Fomu inakaa ndani ya simu mpaka jioni ukipata mtandao, kisha unaituma. Mashirika mengi ya misaada duniani yanatumia Kobo leo.

Ni wangapi wanajua kwamba kobo ni neno la Kiacholi? Maana yake ni kuhamisha. Programu ilikuzwa na watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham, ambao baadaye walikuwa Chuo Kikuu cha Harvard, kutokana na kazi yao ya kuwahoji watu walioumizwa na vita kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Congo. Walichoka kubeba maelfu ya karatasi. Ndani yake kuna msimbo wa Open Data Kit, ulioanzishwa mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Hao nao walitoa kazi yao huria, ndiyo maana Kobo haikulazimika kuanza na sifuri.

Ndugu zetu Waacholi wa Magwi, tembeeni kifua mbele. Neno lenu liko kwenye simu za watu wa misaada mabara yote.

Uzuri wa Kobo kwa swali letu ni huu. Data yako unaweza kuitoa wakati wowote kama faili la kawaida, linafunguka kwenye Excel au LibreOffice. Seva yao ya bure ina kikomo chake, lakini shirika linaloweza lina haki ya kuweka Kobo kwenye seva yake lenyewe. Hakuna anayekufungia mlango ukiwa ndani au ukiwa nje.

SAUTI ZETU KWENYE MITANDAO

Tumezungumza juu ya vifaa vya kukusanya habari. Kuna pia vya kusema. Mwishoni mwa mwaka 2008 wakimbizi wa Kakuma, Waethiopia, Wacongo, Wasomali, Wasudani na wengine, walianzisha gazeti lao huru mtandaoni, KANERE. Hawakuwa na mtambo wa kuchapa. Walikuwa na blogu ya WordPress, programu huria ambayo ilianza mwaka 2003. Kwa mara ya kwanza wengi nje walisoma habari za kambi zilizoandikwa na watu wa kambi, si ripoti ya shirika juu yao. Vijana tulioishi kule tulijifunza kwamba mkimbizi si mtu wa kupigwa picha tu. Anaweza kuwa mhariri.

Lakini mitandao hiyohiyo ina meno. Vita vilipoanza hapa Juba tarehe 15 Desemba 2013, na tena mapigano ya Julai 2016, uvumi na matusi ya kikabila vilijaa Facebook. Mengi yaliandikwa na watu walioko mbali, kwenye usalama wao, huku wanaokufa ni watu wa hapa. Ndipo kukatokea kazi ambayo tunaiheshimu. Shirika la r0g la Berlin, pamoja na vijana wa Sudan Kusini, lilianzisha #defyhatenow, kufundisha watu jinsi ya kutambua maneno ya chuki, kuhakiki picha, na kujibu bila kuongeza moto. Waliandika mwongozo wa mafunzo, nao umesambaa kwa sababu hawakuufungia. Mtu anaunakili, anafundisha kundi lake. Mwaka 2016 wasanii wetu nao wakatoka na Ana Taban, yaani nimechoka, wakitumia nyimbo, michoro ya ukutani na mitandao kwa pamoja.

Kuna jambo lingine tusilisahau. Mwaka 2014, kwenye kambi za Umoja wa Mataifa hapa Juba, Internews waliendesha Boda Boda Talk Talk. Vijana wa kambini walirekodi vipindi, kisha chombo chenye spika kikazunguka na kusimama mahali watu wamezoea kukusanyika. Watu wanasikiliza, wanajibu, majibu yao yanarekodiwa kwa kipindi kinachofuata. Huo nao ni mtandao wa kijamii, tena mzuri, kwa sababu hata asiyejua kusoma na asiye na bando yuko ndani.

Na mwezi wa Januari 2025, baada ya video za mauaji ya watu wetu Wad Madani kusambaa na vurugu kutokea Juba, mamlaka ya mawasiliano iliagiza Facebook na TikTok zifungwe. Zilifunguliwa baada ya siku chache. Lakini fikiria kikundi ambacho kazi yake yote, matangazo yake, picha zake, namba za watu wake, viko Facebook tu. Kwa siku zile kikundi hicho hakikuwepo. Mitandao ni soko. Nenda sokoni ukatangaze, ndiyo, lakini usilale sokoni na usiache mzigo wako huko.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, hasa haya madogo ya kijamii ambayo yanakufa na kufufuka kila bajeti, tunawaomba mjibu maswali haya kabla ya kutuletea kifaa kingine kipya:

Moja, mradi ukiisha, data itatoka vipi, na nani hapa ataipokea? Jibu liandikwe siku ya kwanza, si wiki ya mwisho.

Mbili, je, kuna kifaa cha huria kinachofanya kazi hiyo? Kwa fomu kuna Kobo na ODK. Kwa ramani kuna OpenStreetMap. Kwa maandishi na hesabu kuna LibreOffice. Kwa tovuti kuna WordPress. Pesa mnayookoa kwenye leseni, mpeni kijana wa hapa ajifunze kukitunza, kwa sababu kifaa kisicho na mtunzaji ni takataka, kiwe huria au cha kulipia.

Tatu, nani anaona majina ya watu? Kuweka namba za familia kwenye kundi la WhatsApp la watu 200 si uwazi, ni kuwaanika. Kila mwanakundi anaona namba ya mwenzake. Chukueni kile tu mnachohitaji, na mtueleze kwa lugha yetu kinaenda wapi.

Nne, asiye na simu janja anaingiaje? Kama hana njia, basi mmejenga kitu cha wenye simu.

Na sisi vijana tusikae tukinyoosha kidole. Hapa New Site tumeanza kidogo kidogo. Fomu zetu sasa ziko Kobo, kwa akaunti ya kikundi, si ya mtu mmoja anayeweza kuhama kesho. Kila mwisho wa mwezi tunatoa faili, tunaliweka kwenye flashi mbili zenye nywila, moja kwa mwenyekiti na nyingine kwa mama mmoja mzee ambaye hakuna anayethubutu kumchezea. Tunajifunza kuchora OpenStreetMap kwa simu, tukianza na visima na zahanati. Wenzetu walioko Gorom na walio Uganda, kama mna kompyuta hata moja inayowaka, karibuni tujifunze pamoja. Hatuna cheti cha kuwapa.

Aliyeandika wazo la Ushahidi hakungoja mradi. Vijana 13 wa Kibera hawakuwa wahandisi. Waliotafsiri usiku kwa ajili ya Haiti walikuwa na lugha ya mama zao tu. Sisi tuna Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kiacholi, Kibari, Kidinka, Kinuer na nyingine nyingi, tuna miguu ya kuzunguka mitaa, na tunajulikana na mama hawa kwa majina. Mashirika yatakuja na yataondoka, hiyo ndiyo hali ya dunia. Orodha ya watu wetu ikae mahali ambapo siku wakituuliza tuliipeleka wapi, tutaifungua na kuwaonyesha.